Misty wa FireRed: Pikachu, Oddish au nipandishe levo tu?

Kijana_wa_Igoma
Wakuu habari za jioni. Nacheza Pokémon FireRed, ule mchezo wa kukamata viumbe na kuwapiganisha, na nimekwama kwa Misty, yule bosi wa jimu la maji. Kiumbe wake Starmie ananimalizia timu nzima na wala hatoki jasho. Naomba mnilinganishie: nitafute Pikachu, nitafute Oddish, au nikomae kupandisha levo na hawa nilio nao? Simu ni ya shemeji na Jumapili anaitaka, kwa hiyo naomba majibu ya uhakika, sio porojo.

SatoMbichi
Pikachu. Umeme kwa maji ni mara mbili, hilo halina mjadala. Uzi ufungwe.

Mama_Dagaa
Uzi haufungwi. Mdogo wangu, unaomba dawa na hujasema unaumwa wapi. Ulianza na nani? Levo ngapi? Na sasa hivi umesimama mji gani? Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote.

Kijana_wa_Igoma
Nilianza na Charmander, sasa ni Charmeleon levo 20. Wengine ni Spearow na Rattata, wako chini kidogo. Nipo Cerulean, Nugget Bridge nimeshaimaliza.

Mama_Dagaa
Nilijua tu. Basi Pikachu msahau. Yeye yuko msitu wa Viridian, na wewe ukitoka Mt. Moon ulishaziruka zile kingo za Route 4. Pale unashuka tu, kupanda hakuna. Njia nyingine ya kurudi ni kuzungukia Vermilion upite Diglett's Cave, na ukitokea upande wa pili unakuta miti inayotaka Cut, lile pigo la kukatia. Na Cut huwezi kuitumia njiani mpaka uwe na beji ya nani? Ya Misty huyo huyo.

SatoMbichi
Kama alisevu kabla ya kuruka je?

Kijana_wa_Igoma
Nilisevu juu yake.

Binti_Malimbe
Kaka, kwa hapo ulipo jibu ni Oddish, na huna haja ya safari. Rudi majani ya Route 24, hapo juu tu ya daraja, yupo. (Ungekuwa LeafGreen, toleo pacha la FireRed, ungempata Bellsprout badala yake, ndiyo maana toleo ni muhimu.) Sasa usimlete Oddish mbichi ukategemea Absorb, pigo lake la kunyonya, peke yake. Nguvu ya Absorb ni 20 tu. Hata ukiizidisha kwa sababu ya udhaifu wa maji, Starmie atapiga Recover, ajiponye, na mtaanza upya mpaka shemeji aje kuchukua simu yake.

Uzuri wa Oddish ni unga. Levo 16 anapata Stun Spore, wa kupoozesha, levo 18 anapata Sleep Powder, wa kulaza. Starmie ana kasi ya kutisha, lakini akishapooza kasi inabaki robo, na mara nyingine anakosa zamu kabisa. Hapo Absorb inaanza kuwa na maana, maana kila ukipiga unarudishiwa na damu kidogo. Na Water Pulse, pigo lake la maji, kwa Oddish inaingia nusu.

Kuna watu watakuja kukutisha kwamba Starmie ni wa maji na Psychic, na Oddish ana sumu ndani yake, kwa hiyo Psychic inamuumiza. Ni kweli kwenye jedwali. Ila Starmie wa Misty ndani ya FireRed hana pigo hata moja la Psychic. Ana Swift, Recover, Rapid Spin na Water Pulse. Basi. Angalia mapigo ya adui, usiangalie jina la aina peke yake.

Kibopa_Nansio
Nyie watu wa mjini mnahangaika na majani wakati ziwa lipo. Samaki Magikarp! Pale kituo cha Route 4 kabla ya Mt. Moon kuna jamaa anauza kwa 500.

Mama_Dagaa
Kibopa umesoma nilichoandika? Kingo. Hawezi kurudi.

Kibopa_Nansio
Sawa dada, basi avue. Kwa Bill, yule mtaalamu wa Pokémon, si utaenda tu? Ukimsaidia Bill, yule polisi anaondoka mlangoni pa ile nyumba iliyoibiwa, unapita hapo hadi Vermilion bila kumgusa Misty. Vermilion kuna mzee wa uvuvi anakupa Old Rod bure. Tupa majini, Magikarp wanakuja kama wanalipwa. Levo 20 anageuka Gyarados, anapata Bite, na Bite ni pigo la giza, kwa Starmie inaingia mara mbili kwa sababu ya ile Psychic yake. Maji kwa Gyarados ni nusu. Na akiingia tu, Intimidate inamshusha adui nguvu, kwa hiyo Swift na Rapid Spin zote zinalegea. Nipe bosi mwingine wa kumletea huyo samaki!

Mzee_wa_BlueVersion
Acha kudanganya watoto. Bite ni Normal. Nimecheza Blue mimi tangu mnavaa kaptula.

Binti_Malimbe
Mzee shikamoo. Kwenye Red na Blue ilikuwa Normal kweli, kwa sababu aina ya giza ilikuwa haijazaliwa. Imekuja na Gold na Silver mwaka 1999, na Bite ikahamishwa. FireRed ni ya 2004.

Mzee_wa_BlueVersion
Marahaba. Lakini Gyarados sifa yake ni ubavu, 125. Bite itamfaa.

Binti_Malimbe
Hapo tena hapana, mzee. Mpaka Diamond na Pearl za 2006, kilichoamua ni aina ya pigo. Giza lote lilihesabiwa upande wa Special, yaani nguvu isiyo ya ubavu, na Special ya Gyarados ni 60. Kwa hiyo Bite ya Kibopa inauma, ila sio kwa huo ubavu mnaousifia.

Kibopa_Nansio
Inatosha kwa Starmie.

SatoMbichi
Na huyo Magikarp wa levo 5 atafikaje 20 kwa Splash, pigo lisiloumiza mtu? Unamtanguliza, unambadilisha, unamtanguliza, unambadilisha. Exp. Share, kile kifaa cha kumkuza asiyepigana, bado hana. Mtu ana siku chache na simu ya kuazima, wewe unamfungulia mradi wa ufugaji wa samaki.

Kibopa_Nansio
Ukifuga sato kwenye vizimba unasubiri miezi, na watu wanasubiri. Subira mnayo, sema hamtaki.

Fundi_Buzuruga
Mimi sioni haja ya kukamata mtu yeyote. Kwenye ile nyumba iliyoibiwa kuna mhuni wa Team Rocket nyuma yake, mpige, anakuachia TM28, kifaa cha kufundishia Dig, pigo la kuchimba. Mfundishe Charmeleon. Dig kwa maji ni kawaida, haipungui, wakati moto unapungua nusu. Na akiwa chini ya ardhi Water Pulse inapiga hewa. Ongeza levo, beba Potion za kutosha, umemaliza.

Mama_Dagaa
Starmie ana kasi, fundi. Anampiga kwanza, ndipo Charmeleon anazama. Yaani zamu moja anakula Water Pulse ya mara mbili, zamu moja anapona. Na ikimchanganya akili anajipiga mwenyewe. Kwa levo 20 sio mpango, labda 26 huko.

Fundi_Buzuruga
Kwa hiyo apandishe hadi 26. Tatizo liko wapi?

Mvuvi_Mstaafu
Mabosi wa aina moja msiwachukulie poa. Mimi Whitney wa Pokémon Gold sitamsahau, yule wa jimu la tatu pale Goldenrod. Enzi hizo daraja bado, tunatoka Sengerema kuja mjini, foleni ya kivuko Busisi imeenda mpaka huko, jua la saa nane liko utosini. Nikasema hapa hapa namaliza kazi. Bosi wa Normal, Normal ina jeuri gani?

Clefairy kaondoka vizuri. Akaingia ng'ombe. Miltank. Quilava wangu dume, kapigwa Attract, kaanza kuduwaa kila zamu ya pili anatazama tu. Ikaanza Rollout. Pigo la kwanza kama anapapaswa. La pili mara mbili yake. La tatu mara mbili ya hilo, na ukibadilisha mtu halianzi upya, linamkuta huyo anayeingia likiwa limeshiba. Nikabahatika likakosa, nikamshusha hadi nusu. Akanywa Milk Drink, damu ikajaa. Narudia, ananywa. Konda anapiga kelele watu wapande, mimi nimeinamia simu. Mama mmoja mwenye ndoo akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, nyumbani kuna msiba?"

Aliyenitoa ni Geodude, wala sio mtu wa Fighting niliyeambiwa na kila mtu. Normal kwake nusu, Rollout kwake nusu. Na baada ya mateso yote hayo, ukimshinda Whitney analia, na beji hakupi! Unageuka kuondoka, binti mmoja wa mule ndani anakueleza, ndipo umrudie. Ninayo hasira mpaka leo.

Binti_Malimbe
Hahahaha mzee pole. Ila umesema jambo: sio lazima utafute wa kumuumiza bosi, unaweza kutafuta asiyeumizwa. Ndiyo kazi ya Diglett kwa Surge, bosi wa umeme, baadaye, umeme haumgusi hata kidogo.

Fundi_Buzuruga
Kwa Surge mimi napita na Charmeleon na Dig ile ile.

SatoMbichi
Fundi wewe hata nyumba unaezeka kwa Dig.

Kijana_wa_Igoma
Wabeja sana wote. Oddish nimempata, ana levo 13. Ila huyu wa Dig naye kanishawishi, na nyumba iko hapo hapo. Na Kibopa, hiyo Old Rod ukishapewa unavua popote au Vermilion tu?

Kibopa_Nansio
Popote penye maji! Hata Cerulean hapo. Nilijua damu ya ziwa itakuita.

Mama_Dagaa
Kijana, Jumapili.

Kibopa_Nansio
Mpe shemeji sangara mmoja mzima kutoka Mwaloni, atakuongezea wiki.

Mzee_wa_BlueVersion
Sangara siku hizi bei yake unamnunulia shemeji simu nyingine.

Mgeni_Pasiansi
Samahani wakuu kuingilia. Hii kitu inacheza kwenye Tecno ya RAM 2? Na hiyo emuleta inakula bando?