MREJESHO: Ile barua ya mwezi wa pili ilikuwa ya kweli

Wakuu, niliuliza kuhusu barua aliyotumiwa binti yangu na chuo kimoja cha Ivy League (kundi la vyuo vikuu nane maarufu), Marekani, kwamba ana nafasi kubwa ya kukubaliwa mradi asishuke darasani. Nilihofia matapeli.

Mlioniambia niulize ofisi ya udahili, Mungu awabariki. Walithibitisha: huwaandikia mapema wachache wanaowataka sana, kabla ya majibu rasmi ya mwishoni mwa Machi.

Siku yenyewe, saa nane usiku, simu iko kwenye chaji, mama yake kashika tasbihi. Ukurasa ukafunguka: amekubaliwa! Nililia mbele ya wanangu.

Mnaosubiri, msikate tamaa. Wengi wanaoingia hawapati barua hiyo kabisa. Sisi tunathibitisha nafasi kabla ya 1 Mei, kisha viza.