Nawezaje kutoa dodoso moja kwenye data bila msimamizi kuuliza?

Mpwa_Newala: Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa tatu saikolojia, chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Utafiti wangu ni madeni na sonona kwa wakulima wa korosho, nimetumia PHQ-9 ya Kiswahili, lile dodoso la maswali tisa la kupima sonona. Data zote nimeingiza SPSS, ile programu ya takwimu. Kuna dodoso moja linanisumbua, nataka kulitoa kabla msimamizi hajapitia sura ya nne. Niandike sababu gani ya kitaalamu? Kesho kutwa nakabidhi.

Takwimu Tu: Likiwa na majibu pungufu unalitoa na unaeleza sura ya tatu. Likiwa limejaa, huna sababu. Jumla yake ngapi? Mwisho ni 27, na kuanzia 10 ndipo wengi huanza kuhesabu sonona.

Mpwa_Newala: 22. Limejaa lote.

Mzee wa Kangomba: Msongo nao unatafutiwa dodoso? Msimu wa 2018 serikali iliponunua korosho kwa 3,300 kilo, wanajeshi wakazisomba, mimi nilioa mke wa pili kwa hela ambayo haijaingia. Njoo unihoji.

Binti Mikindani: Mleta mada, swali la 9 kajibu ngapi?

Mpwa_Newala: 3.

Binti Mikindani: Yaani wiki mbili zote, karibu kila siku, anawaza heri afe au ajidhuru. Na wewe unatafuta namna ya kulitoa! Ni nani huyo?

Mpwa_Newala: Madodoso hayana majina, dada. Fomu ya ridhaa inasema ni siri, na niliwasomea mwenyewe. Maadili ya utafiti yananibana.

Binti Mikindani: Jina sijaliuliza. Unamfahamu, humfahamu?

Mpwa_Newala: Ni mjomba wangu. Kwenye umri kaandika 57, na saba yake huikata katikati, vilevile anavyoandika kwenye daftari la mizani la AMCOS, chama chetu cha ushirika. Niligawa ghalani mwezi wa nne, watu wakiwa foleni, sikujua kama naye kachukua. Msimamizi ni mtu wa kwetu, akiliona ataulizauliza, habari zitafika polisi. Hata hivyo SPSS nimeshalifuta. Karatasi ninayo geto.

Ustadh Chikongola: Kijana, kwetu sisi mjomba ndiye mzazi. Mnakwenda kusomea akili za watu, za nyumbani kwenu hamzijui. Mrudieni Mungu.

Chai Bila Sukari: Hii chai. Minada ya korosho inaanza Oktoba. Mwezi wa nne ghalani kuna foleni ya nini, ya popo?

Mzee wa Kangomba: Loh, na mimi nilishaanza kulia.

Mpwa_Newala: Foleni ya salfa, ndugu. Pembejeo zinagawiwa kabla ya kupulizia. Na dodoso alilipokea mkononi mwangu, hilo sikutaka kuliandika hapa. Deni lenyewe alikopa anilipie ada.

Chai Bila Sukari: Mara hukujua, mara mkononi mwako. Endelea, tunamimina vikombe.

Binti Mikindani: Iwe chai, iwe uji, mimi muuguzi najibu. Siri ya dodoso ina mpaka, na mpaka wenyewe ni uhai wa mtu. Sheria yetu inamgusa aliyejaribu, kuwaza si kosa, polisi watoe humo. Mpigie leo, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Kisha apelekwe hospitali, ya wilaya au ya mkoa, Ligula. Hizo salfa na dawa za maji za mikorosho anaweka wapi?

Mpwa_Newala: Chumbani kwake.

Binti Mikindani: Mkewe azitoe sasa hivi, zikafungiwe kwa jirani. Na asiachwe peke yake.

Mpwa_Newala: Nilipanga niende Jumamosi, nikishakabidhi.

Binti Mikindani: Kesho, basi la kwanza. Msimamizi mpigie usiku huu, mambo haya ndiyo fani yake.

Chai Bila Sukari: Akituma picha ya tiketi nitaomba radhi.

Mpwa_Newala: Simu yake inaita, hapokei. Nampigia mkewe.

Takwimu Tu: Na ukirudi, lirudishe kwenye data. Ulivyolifuta, idadi ya sura ya nne hailingani tena na uliyoiandika sura ya tatu.