Mume kahama, nataka talaka ila mfuko umetoboka. Gharama zikoje jamani?

Mama Samaki
Habari za jioni wakuu. Mimi ni msomaji wa kimya humu siku nyingi, leo yamenifika.

Nilifunga ndoa ya kanisani 2012, Mungu katujalia watoto wawili, mmoja yuko la sita mwingine la pili. Mwenzangu ni dereva wa malori ya Tunduma. Tangu mwaka juzi ana makazi mengine hukohuko njiani, na tangu Pasaka hajakanyaga nyumbani. Hela ya watoto anatuma akikumbuka. Wazee wa pande zote wamekaa vikao vitatu. Naomba msinishauri kuvumilia, nimeshavumilia.

Shida ni pesa. Nakaanga samaki Mbagala Rangi Tatu, siku nzuri nabaki na elfu 20, siku mbaya narudi na samaki wenyewe. Wakili niliyemfuata kanitajia milioni 3, nusu kabla hajashika kalamu. Kesho yake kuna kaka kanifuata kwenye meza yangu, anasema laki 6 tu ananimalizia ndani ya mwezi, hata mahakamani nisiende.

Tulichonacho ni nyumba ya vyumba vitatu Chamazi, haijapigwa plasta. Karatasi ya mauziano ya kiwanja ina jina lake peke yake. Mabati na nusu ya matofali nilikopa mimi VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikalipa kwa samaki. Sasa anatishia kuiuza. Nikikosa wakili ndiyo nimekosa kila kitu?

Mzee wa Keko
Binti yangu, huyo wa laki 6 ni kishoka, wakili feki, mkimbie. Talaka hutoa mahakama, na wewe mwenyewe lazima ufike ueleze. Siku nyingine mtu akijiita wakili, ingia e-Wakili, ule mfumo wa Mahakama, andika jina lake uone kama yumo na kama leseni yake iko hai.

Jobless Original
Mwachie nyumba dada, utajenga nyingine. Amani haina bei.

Teja wa Kahawa
@Jobless Original wewe ushawahi kukopa bati VICOBA?

Karani Mstaafu
Nimekaa masjala za mahakama miaka mingi, nikueleze inavyokwenda.

Huanzii kwa wakili. Unaanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liko kwenye kata yako. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mpite pale kwanza, likishindwa kuwapatanisha linakupa hati inayosema hivyo. Bila hati hiyo shauri lako halisimami. Hapa ndipo watu wanapoteza pesa bila kujua: hati isiwe na zaidi ya miezi 6 siku unapofungua shauri, na iseme wazi kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Nimeona watu wamepewa kikaratasi kimeandikwa "nawaleta kwenu wahusika kwa hatua zaidi", wakaendesha kesi mwaka mzima, wakashinda, kwenye rufaa yote yakafutwa. Wanarudi kata kuanza upya, nauli upya, mashahidi upya. Ukikabidhiwa hati, isome hapohapo mbele ya katibu kabla hujainuka.

Akiitwa akakataa kuja makusudi, usiogope. Sheria haikufungii mlango kwa ukaidi wake. Hakikisha tu wito wa baraza umeandikwa na nakala unayo.

Ukitoka hapo, Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza ndoa yako, hata kama ni ya kanisani. Watu wanadhani ndoa ya kanisani lazima Mahakama Kuu, si kweli. Ada za kufungua pale ni ndogo, na wengi wanajisemea wenyewe kwa Kiswahili. Ukishindwa hata hiyo ada, omba msamaha wa ada, eleza hali yako. Na wewe uko Temeke, una bahati: kuna Kituo Jumuishi cha mambo ya mirathi na ndoa, mahakama za ngazi zote hadi Mahakama Kuu ziko jengo moja. Uliza pia dawati la msaada wa kisheria. Mashirika ya TAWLA na WLAC nao wanasaidia akina mama wasio na uwezo.

Bi Shangazi wa Tabata
Mdogo wangu, mimi nilikuwa na wakili na nilimlipa, lakini aliyenifilisi siyo yeye.

Mimi na baba watoto tulikubaliana nyumba na gari ndani ya miezi mitatu. Tukagombana seti ya makochi na friji karibu mwaka na nusu. Nilienda mahakamani siku 19, nimezihesabu kwenye daftari la duka. Kila siku duka limefungwa au namlipa binti wa kukaa, nauli yangu, nauli ya shahidi na chai yake, maana huwezi kumleta mtu toka Kibaha asubuhi akae na njaa. Siku nyingine mnafika mnaambiwa hakimu ana udhuru. Ile friji ningenunua tatu. Na nilipoipata ilikuwa haigandishi.

Kabla hujafungua chochote, kaa na huyo mwanaume, hata kwa simu, hata kupitia kaka yake, mkubaliane vitu vidogo. Viti, sufuria, TV, mwachie. Pigania nyumba na matunzo ya watoto.

Mama Samaki
@Bi Shangazi wa Tabata nimecheka huku nalia. TV abebe, haioni vizuri hata hivyo. Ila nyumba ina jina lake.

Wakili Mtoro
Jina kwenye karatasi siyo mwisho wa habari. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaangalia mchango wa kila mmoja, wa pesa, mali au kazi. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Watu wanaitaja sana hiyo kesi ila hawaimalizii: Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, mahakama ikisema mumewe alishampa pesa za mradi akazitapanya. Kwa hiyo usiende na maneno matupu. Tafuta daftari la VICOBA, risiti za mabati, miamala ya simu, fundi aliyelipwa na wewe, mweka hazina wa kikundi. Hivyo havikugharimu kitu leo, ila kesho vikipotea vitakugharimu nyumba.

Kuhusu kuuza: nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, kifungu cha 59. Kiwanja kingekuwa na hati miliki ungeweka zuio kwa msajili. Kwa karatasi ya mauziano, peleka barua ya kusema huridhii nyumba iuzwe, serikali ya mtaa wa Chamazi na kwa majirani wa mipaka, nakala yako igongwe mhuri kwamba imepokelewa. Wanunuzi wa huko wanaanzia kwa mjumbe, watakuta taarifa. Na kumbuka madeni nayo huwekwa mezani, kama VICOBA bado wanakudai litaje.

Abuu Twalib
Kwa wenzetu Waislamu wanaosoma: talaka ya mdomo au ya karatasi toka BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, usiiweke kabatini ukadhani umemaliza. Kama kuna mali au mgogoro, bado mnapita mahakamani ipate nguvu ya kisheria.

Jobless Original
Sawa nimekoma. Dada pambana.

Mama Samaki
Wakuu, narudi baada ya wiki tatu. Barua Chamazi nimepeleka, nakala ina mhuri. Mwenyekiti kaniambia kuna dalali alishapita kuuliza bei, nusura nianguke. Baraza wamemwita mara mbili hajatokea, wito wa tatu ni Alhamisi, nakala zote ziko kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Daftari la VICOBA limepatikana kwa mweka hazina, kurasa mbili zimelowa mafuta ila namba zinasomeka. Mpaka sasa nimetumia elfu 38, nyingi ni nauli na fotokopi.

Kaka wa laki 6 kapita tena jana. Nimemuuzia kibua cha elfu mbili.