Acheni kuwasakama Pip na Jane Baker, hamjui walibebeshwa nini

Wakuu, leo uvumilivu umenishinda. Kila ikitajwa Doctor Who ya miaka ya 80, lazima ajitokeze mtu aseme walioiua ni Pip na Jane Baker. Wiki hii pekee nimekutana na kauli hiyo mara tatu. Ukiwauliza hao wanaoisema ni nani hasa alitakiwa kuandika ile sehemu ya mwisho ya 1986, kimya. Kuropoka wanajua, kilichotokea hawakijui.

Kwa wasioifuatilia: ni tamthilia ya BBC kuhusu Daktari, msafiri wa anga na wakati, iliyoanza Novemba 23, 1963, Jumamosi jioni, watoto na wazazi wao sebuleni. Nia ya tangu mwanzo ilikuwa mtoto asisimke na hapohapo aokote historia na sayansi. Pip na Jane walikuwa mume na mke, wakiandika pamoja.

Sasa tuje 1986. Mwaka uliotangulia, bosi wa BBC One, Michael Grade, aliisimamisha, ikakaa nje miezi 18. Iliporudi ilirudi na hadithi moja ndefu ya sehemu 14, Daktari akiwa kizimbani, na kila mtu kazini alijua wakivurunda inafutwa. Aliyepewa kuifunga hadithi ni mkongwe Robert Holmes. Akaugua, akafariki Mei 1986 kabla hajamaliza. Mhariri wa miswada, Eric Saward, akaikamilisha sehemu ya 13, akaandika na ya 14. Mtayarishaji John Nathan-Turner akaukataa ule mwisho, kwa sababu ulimwacha Daktari na adui yake wakiporomoka huku wamekabana, mtazamaji asijue nani kapona. Aliona kabisa wakubwa watapata kisingizio cha kuifunga moja kwa moja. Wakagombana. Saward akaondoka, akazuia mswada wake usitumike.

Hapo ndipo Pip na Jane wanaitwa. Studio imeshapangwa, waigizaji wameshaajiriwa, tarehe haisogei. Wanapewa sehemu ya 13 tu waisome. Chumbani kakaa mwanasheria, kazi yake kuhakikisha hakuna anayewadokeza hata neno moja la mwisho ule wa Saward, maana ulikuwa mali yake. Yaani wakiuliza "huyu kwa nini yuko mahakamani?" hakuna anayeruhusiwa kuwajibu! Wakaondoka na karatasi zao, wakakisia, na ndani ya siku chache wakaleta mswada. Desemba 6, 1986 ukaonekana kwenye televisheni.

Hebu fikirieni fundi kajenga nyumba mpaka kwenye lenta, kaondoka na ramani yake, na masika yameingia. Unamwita fundi mwingine, unamwambia aezeke upesi, ila ni marufuku kuuliza vyumba ni vingapi. Paa likikaa upande, unamtukana huyu aliyekukinga na mvua? Ndicho mnachofanya miaka yote hii. Ndiyo, ile sehemu inachanganya, nami niliirudia mara mbili ndipo nikaielewa. Lakini bila wao ingeonyeshwa nini Jumamosi ile?

Halafu lile wigi. Jamani, lile wigi la 1987 mnawabebesha wao pia! Daktari hubadilika mwili, na hapo mwigizaji mpya humrithi wa zamani. Colin Baker, aliyekuwa akimwigiza (jina tu linafanana na lao), alifukuzwa na wakubwa, akakataa kurudi kuja tu kumwachia mwenzake nafasi. Ndiyo maana mrithi wake, Sylvester McCoy, alivalishwa nguo za mwenzake na wigi la nywele za rangi ya dhahabu, akalazwa sakafuni. Na hadithi yenyewe, Time and the Rani, Pip na Jane waliianza hata mwigizaji mpya hajulikani ni nani. Unamwandikiaje mtu maneno ya kusema wakati hujui ni mtu gani?

Kinachoniuma zaidi ni hili la "maneno magumu". Mnacheka kwamba wahusika wao wanaongea kama kamusi. Mimi naishi huku Uingereza na binti yangu wa miaka 10. Likizo iliyopita tuliiangalia hiyohiyo Time and the Rani mnayoiita takataka. Yule Rani, adui wa Daktari, ameteka watu wenye akili kubwa wa zama mbalimbali, kawafungia kwenye makabati. Einstein, binti yangu alimjua. Alipofika kwenye jina la pili akachukua rimoti, akasimamisha. "Baba, Hypatia ni nani?" Sikujua, na nilimwambia sijui. Tukatafuta pamoja: mwanamke mwanahisabati wa Alexandria, Misri, aliyeuawa na kundi la watu mwaka 415. Binti akaenda kuleta daftari lake la shule, akafungua ukurasa wa nyuma kabisa, akaliandika jina kwa kalamu ya risasi. Juu yake kulikuwa na maneno mengine 11, karibu yote ameyaokota kwenye hadithi za hawa wawili. Waliamini mtoto anaweza kulifuata neno asilolijua, na wangu alilifuata.

Najua mtaniletea Chris Chibnall. Ni kweli, mwaka huohuo wa 1986, akiwa kijana wa miaka 16, alikwenda kwenye kipindi cha BBC kiitwacho Open Air akawakosoa wazi, nao wakamjibu. Haki yake. Kuanzia 2018 mpaka 2022 akakikalia kiti chenyewe, akaiongoza Doctor Who, na matusi aliyooga mliyaona wote. Wengine wenu ndio mliyaandika.

Na huyo Rani katungwa na nani? Ni wao, 1985, kwenye kisa cha wachimba makaa wa Killingworth, Kate O'Mara akimwigiza, na George Stephenson, yule mhandisi wa reli, yumo humohumo. Mei 2025 alipojitokeza tena, safari hii akiigizwa na Archie Panjabi, mlishangilia usiku kucha. Hakuna aliyewataja waliomtunga. Jane alifariki 2014, Pip 2020. Hawakuiona siku hiyo.

Sasa anayesema angeandika mwisho bora, sehemu ya 13 si ipo? Aiangalie hiyo tu, asimuulize mtu yeyote, ajipe siku chache, aje atuwekee hapa dakika 30 zinazofunga kila kitu. Nitasoma neno kwa neno.