Nimeuziwa madigadi "ya baiskeli yoyote", baiskeli yangu haina hata tundu moja la kuyafungia!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Naendesha baiskeli ya resi, mtumba: fremu ya alumini, foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) ya kaboni, tairi za milimita 25. Nakaa Kisasa hapa Dodoma, kazini ni Mtumba. Kiangazi sina neno, nakula vumbi tu kama wenzangu. Balaa ni mvua zikifungua Desemba. Lile tope jekundu linaloburutwa hadi kwenye lami, tairi la nyuma linalichota na kunichora mstari kuanzia makalioni hadi kisogoni. Mlinzi wa getini ameshaniuliza, "Kaka, umeanguka?"

Nikaenda dukani kutafuta madigadi ya kukinga hilo tope, hapa hapa mjini, duka silitaji. Nikamwonyesha jamaa picha ya baiskeli kwenye simu. Akaitupia jicho mara moja. "Haya yanaingia baiskeli yoyote, mkubwa." Nikatoa 35,000.

Kichekesho kikaanzia kwa fundi. Madigadi yale yana vyuma vyembamba vinavyoshuka ubavuni, na mwisho wake unatakiwa ufungwe bolti kwenye fremu, jirani na ekseli. Baiskeli ya babu yangu, Phoenix, ina hayo matundu. Yangu haina, mbele wala nyuma. Na hata yangekuwepo, kati ya tairi na breki hakipiti kidole changu cha mwisho. Sasa plastiki yenye upana wa milimita 35 inapita wapi?

"Bosi, si tunatoboa tu?" Fundi ameshachomeka drili! Nilipiga ukelele mpaka mama muuza mihogo ng'ambo ya barabara akageuka. Alumini ya pale nyuma ni nyembamba. Ukiitoboa umeufungulia ufa njia. Kaboni ndiyo usiiguse kabisa, ile haipindi kwanza ikakupa taarifa, inakatika tu na wewe uko juu.

Tukaishia kufunga kwa waya wa nondo. Ndiyo, najua, msinitukane. Siku ya tatu, kabla sijafika Ihumwa, waya ukalegea, chuma kikaingia kwenye spoki. Krrrr! Gurudumu likajifunga, nikaburuzika hadi pembeni nikiwa bado nimeshika usukani. Ilikuwa la nyuma. Ingekuwa la mbele ningepaa, na leo ningekuwa naandika haya bila meno.

Nikarudi dukani. Eti, "Wewe ndiye hukupima baiskeli yako." Mimi? Na ile picha niliyokuonyesha ilikuwa ya harusi?

Kwa sasa nimeyakata kwa msumeno. Kipande kimoja kimekaa nyuma ya breki, nimekibana kwa klipu za skrubu za mpira wa maji, chini yake nimezungushia tyubu iliyochanwa ili fremu isichubuke. Mgongo umepona. Mbele ni wazi, viatu vinalowa kama kawaida, ila foku ile siifungii tena kitu cha kubahatisha.

Kinachoniuma ni kwamba yapo madigadi mafupi ya kufunga kwa mikanda ya mpira, yaliyotengenezwa kwa ajili ya fremu zisizo na matundu. Hayo ndiyo nilipaswa kupewa. Anayejua yanapouzwa hapa Dodoma aniambie, nimezunguka Majengo na Sabasaba sijayaona. Na wewe uliyeniuzia, kama unasoma hapa: vyuma vyako ninavyo, njoo na 35,000 yangu.