Baa ya zamani kwenye picha ya babu: ni Mwika, Tarakea au Loitokitok?

MjukuuWaUsseri
Wakuu habari zenu. Naomba msaada wa wenye macho makali na wanaozijua njia za kuzunguka Kilimanjaro. Babu aliacha sanduku la picha na moja inatuumiza kichwa ukoo mzima maana wazee waliobaki kila mmoja anasema lake. Ni baa ya kijijini, jengo la mabati lenye baraza la saruji, wanaume wamekaa kwenye benchi na glasi mkononi, babu wa pili kutoka kushoto bado kijana kabisa. Juu ya mlango kuna kibao lakini jua limekimeza hakisomeki hata herufi moja. Pembeni kuna Peugeot 404 pikapu imekatwa nusu, namba haionekani. Nyuma mlima uko wazi wote na vilele vyake viwili, Mawenzi upande wa kushoto, Kibo kulia.

Baba mdogo anasema hapo ni Mwika. Shangazi anasema Tarakea. Mzee jirani yetu anakomaa kwamba ni Loitokitok, upande wa Kenya, babu alikuwa anapeleka ndizi huko. Nyie mnaona wapi?

MtuWaKibosho
Mwika itoe kabisa. Ukiwa Moshi, Kibosho, Marangu, Mwika, popote upande wa kusini, Kibo iko kushoto kwako na Mawenzi kulia. Ili Mawenzi ikae kushoto lazima uzunguke mlima mpaka kaskazini mashariki. Kwa hiyo zinabaki Tarakea na Loitokitok, hakuna mjadala hapo.

FundiNegativu
Subiri kwanza mkuu, usiitoe Mwika haraka hivyo. Nimesafisha picha miaka mingi, negativu ikiwekwa upande usio wake picha inatoka kushoto kumekuwa kulia, na mlima ukigeuzwa hivyo mtu anaapa kabisa kuwa ni Kenya. Kibao kingesomeka tungemaliza hapohapo, sasa kwa kuwa hakisomeki angalia mashati. Shati la kiume mfuko mmoja huwa upande wa moyo, kwa hiyo kwenye picha unapoitazama uonekane kulia kwako. Halafu angalia usukani wa hiyo 404, magari ya huku usukani uko kulia kwa dereva. Tupe majibu ya hivyo viwili ndio tuendelee.

MjukuuWaUsseri
Nimeangalia na lenzi. Mfuko wa shati la babu uko upande wa moyo, na jamaa wa mwisho kwenye benchi pia, ana kalamu imechomekwa. Usukani uko kulia.

FundiNegativu
Basi picha imekaa sawa, Mwika imeondoka kihalali.

Mrombo_Halisi
Mimi nasema Tarakea. Ukitoka Mkuu kupanda kuja Tarakea, Mawenzi mwanzoni inakaa mbele ya Kibo inaifunika karibu yote, halafu kadiri unavyosogea kaskazini inahamia kushoto, Kibo inachungulia kulia mpaka inajitokeza yote. Hicho ndicho kilichopo kwenye picha yako. Na babu ni mtu wa Usseri, Tarakea ni hapo juu tu, aende Kenya kunywa bia kwa sababu gani?

Swali, wanakunywa nini? Kama ni mbege, ile pombe yetu ya ndizi, tungeona kata na vibuyu, ile haikuwa ikinywewa kwenye glasi kule vilabuni.

MjukuuWaUsseri
Ni bia, kuna chupa chini ya benchi na lebo ina kichwa cha tembo.

Mwana_Illasit
Hiyo ni Tusker, lakini Tusker haikusaidii kujua nchi. Kenya Breweries walinunua kampuni ya bia ya Tanganyika miaka ya 1930 ikawa East African Breweries, kwa hivyo bia ilikuwa inavuka tu.

Na mbona hakuna mtu anataja Illasit? Mimi ni wa huku. Illasit ni upande wetu, ukivuka tu mpaka kutoka Tarakea uko kwetu, na mlima tunauona karibu vilevile watu wa Tarakea wanauona. Kwa hivyo mkitumia mlima peke yake kutenganisha Tarakea na Illasit mtabishana hadi kesho. Loitokitok iko mbele kidogo, kaskazini zaidi, na kule Mawenzi na Kibo zimeachana vizuri, ule uwanda wa katikati unauona wote. Huku kwetu zimesogeleana.

Hiyo sababu ya kuenda Kenya iko, boss. Loitokitok kuna soko kubwa la Jumanne, watu wa Rombo walikuwa wanakuja na ndizi tangu zamani, Wamaasai nao wanaleta ng'ombe, mtu akishauza anakaa mahali anakunywa kabla ya kurudi.

MtuWaKibosho
Ninachokubali ni kwamba mlima umefikia mwisho wake, sasa tuangalie ndani. Mlango wa baa uko wazi? Zamani huwezi kuingia duka wala baa ukakosa picha ya Rais ukutani. Skani upya, weka dpi 1200, halafu ongeza mwanga kwenye kile kiza cha mlangoni tu, usiguse kwingine.

MjukuuWaUsseri
Aisee. Nimeskani stationery na kijana wa pale amenisaidia kuongeza mwanga. Kuna fremu kweli, juu ya kaunta, imepinda kidogo. Sura haiko wazi sana lakini ni mzee, na ana ndevu nyeupe zinazozunguka kidevu, hilo linaonekana bila shaka.

Mrombo_Halisi
Ndevu? Mwalimu alikuwa na kasharubu kadogo tu. Huyo ni Mzee Kenyatta. Basi baa ni ya Kenya, naiondoa Tarakea.

MtuWaKibosho
Na miaka tumepata humo humo. Kenyatta alitawala mpaka alipofariki Agosti 1978. Halafu mpaka ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa 1983, kwa hiyo mtu wa Usseri kukaa barazani Kenya kwa raha vile na mzigo wake wa ndizi, mimi naiweka kati ya 1963 na 1976. Babu alizaliwa lini?

MjukuuWaUsseri
1938 kwa mujibu wa cheti cha ubatizo. Inaingia kabisa.

FundiNegativu
Imebaki Illasit na Loitokitok. Fungua Google Earth, shuka chini usawa wa mtu, simama Loitokitok mjini utazame mlima, halafu fanya hivyohivyo Illasit. Pima upana wa ule uwanda kati ya vilele viwili ukilinganisha na upana wa Kibo yenyewe. Usitumie theluji kabisa, ya msimu inakuja na kuondoka, na barafu ya Kibo imepungua mno tangu enzi hizo. Tumia miamba, hasa meno ya Mawenzi, hayo hayajahama.

MjukuuWaUsseri
Nimefanya. Illasit vilele vimebanana kuliko kwenye picha. Loitokitok inakaa vizuri zaidi, na lile jino refu la Mawenzi liko palepale. Mzee jirani nimempelekea simu akaangalia, akasema "si niliwaambia", na kwamba baa ilikuwa njia ya kushukia sokoni.

Mwana_Illasit
Nitumie hiyo skani inbox. Jumanne nitakuwa Loitokitok sokoni, kuna wazee wa maduka ya juu wako pale tangu enzi za Kenyatta, nitaichapisha kubwa niwaonyeshe. Nikate sura za watu ama niache?

MjukuuWaUsseri
Ziache zote. Labda kuna mtu atamtambua huyo mwenye kalamu.