Baba mcheza gemu: gemu gani za sasa zinachezeka na familia kwenye PS4?

BabaKihesa

Kamwene wakuu, heshima kwenu.

Niko Iringa. Nyumbani kuna PS4 Slim (mashine ya gemu ya PlayStation) ya GB 500, pedi mbili, TV ya inchi 32 na watoto wawili, mmoja ana miaka 6 na mwingine 11. Mama yao hajawahi kushika pedi, ila hajakataa.

Naomba wanaojua wanisaidie. Gemu zipi za miaka ya karibuni zinachezwa na watu wawili hadi wanne sebuleni, TV moja, bila intaneti, na huyu mdogo asiachwe pembeni? Nawawekeaje muda ndani ya mashine yenyewe, maana kuwazimia kwa mkono ni ugomvi kila jioni? Umeme ukikatika katikati ya gemu unaharibu nini hasa? Na je, kuna sababu ya kuhamia PS5 kwa sasa? Mimi mwenyewe nacheza wakishalala, hilo nalo mlifikirie.

Nawasilisha.

PediMbili

Mkuu, kabla ya picha nzuri na jina kubwa, uliza raundi yake inaisha baada ya dakika ngapi. Ugomvi wa jioni mara nyingi si ukaidi wa mtoto. Unamwambia "zima" akiwa ndani ya mechi isiyosimama. Fortnite iko hivyo: ukibaki hai hadi mwisho, mechi inaweza kula dakika 20 na zaidi, na kwa kuwa ni ya mtandaoni huwezi kuisimamisha. FC, ile gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA, ukicheza Kick Off (mechi moja moja) nje ya mtandao, weka dakika 4 kila kipindi. Pamoja na kona na marudio ya magoli, mechi inaisha ndani ya robo saa. Hapo ukisema "hii ya mwisho" kila mtu anajua ni ipi.

Kwa nyumba yako ningeanza na Overcooked! 2 (2018). Ya zamani kidogo, lakini sijaona iliyoipiku kwa familia. Hatua moja ni dakika chache tu, mnapika wanne kwenye TV moja, na pedi mbili zinatosha kwa sababu watu wawili wanaweza kugawana moja: huyu kijiti cha kushoto, yule cha kulia. Mdogo mpe kazi ya kuosha sahani na kupeleka chakula dirishani. Usimpe jiko, sufuria ikisahaulika inashika moto, na kelele zote za gemu hii huanzia hapo. Mama naye aanzie hapa, vitendo vya kukumbuka ni vitatu tu: kushika, kukata na kukimbia. Ukipata toleo la All You Can Eat, lenye gemu zote mbili, washa Assist Mode ili muda wa hatua uongezeke.

Ya pili, LEGO Star Wars: The Skywalker Saga (2022). Inachezwa na wawili, skrini imegawanywa, na wa pili anaingia au kutoka muda wowote bila kumharibia mwenzake. Ukifa unapoteza vijisarafu kidogo tu na kurudi palepale, kwa hiyo wa miaka 6 halii. Minecraft nayo inagawa skrini hadi wanne, ila kwa inchi 32 mkiwa wanne maandishi hayasomeki. Chezeni wawili wawili, ugumu uweke Peaceful ili majitu ya usiku yasitokee.

Watu watakutajia It Takes Two (2021). Ni gemu bora kabisa ya watu wawili, lakini icheze na mama, usiicheze na mdogo. Kiwango chake cha umri ni PEGI 12 (miaka 12 na kuendelea), inahusu wazazi wanaotaka kuachana, na kuna tukio la mwanasesere wa tembo ambalo ni zito kwa mtoto. Tena mmoja hawezi kumbeba mwenzake: kila mtu ana kazi yake, asiyeweza kuruka anawakwamisha wote wawili. Mama apite kwanza kwenye LEGO hadi azoee kijiti cha kulia, kinachogeuza kamera. Hicho ndicho kinachowashinda wageni wengi, vitufe wanavizoea upesi.

Za kwako usiku: God of War Ragnarök (2022) ipo kwa PS4 na unaisimamisha popote, ila ni PEGI 18, watoto walale kweli. Elden Ring nzuri, lakini haina kusimamisha; mtoto akiamka kuomba maji, umeshakufa.

DadaUyole

Niongezee upande wa muda, kaka.

PS4: Settings, kisha Parental Controls/Family Management, kisha Family Management. Wewe ndiye msimamizi. Kila mtoto mfungulie akaunti yake ya PSN (mtandao wa PlayStation) yenye barua pepe yake na tarehe ya kuzaliwa ya kweli, kwa sababu mashine inapanga vizuizi kwa umri huo. Ukiingia kwenye jina la mtoto utaona Play Time: weka saa kwa siku na saa za kuanzia na kumalizia. Muda ukiisha unachagua aonywe tu au atolewe. Nashauri aonywe tu kwa miezi ya kwanza. Kutolewa katikati ya hatua ambayo haijahifadhiwa kunafuta alichofanya, na mnarudi kwenye ugomvi uleule. Wa miaka 11 akijua anapewa saa moja, ahesabu mwenyewe zinaingia mechi ngapi.

Wengi wanaishia hapo, halafu wanashangaa mtoto anacheza hadi saa nne usiku. Amefungua mtumiaji mpya asiye na kizuizi! Rudi kwenye ukurasa ule wa kwanza, ingia PS4 System Restrictions. Namba ya siri inayokuja na mashine ni 0000, ibadilishe. Kisha zuia kufungua watumiaji wapya na wageni. Mwanya mwingine ni akaunti yako: Users, Login Settings, Passcode Management, weka tarakimu nne. Bila hiyo kazi yote ni bure.

Kuhusu hela, kikomo cha matumizi cha akaunti ya mtoto huanzia sifuri. Kiache hapo. FC ina alama ya PEGI 3, na wazazi huona "3" wakadhani hakuna la kuogopa. Alama hiyo inapima picha na maneno, haipimi mfuko. Vifurushi vya wachezaji vya Ultimate Team, sehemu ya kujijengea timu, vinauzwa kwa hela halisi na hujui atatoka mchezaji gani, na timu hiyo haihamii kwenye toleo la mwaka unaofuata. Kick Off na Career hazina vifurushi hivyo.

Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, kwa hiyo watu hufungua akaunti kwa nchi nyingine. Nchi haibadilishwi baadaye, na kadi ya kuongeza salio lazima iwe ya nchi hiyohiyo. Chagua moja na ubaki nayo.

FundiMafinga

Umeme. Ukikatika, kinachoumia kwa kawaida ni data, hasa kama gemu ilikuwa inahifadhi, au mashine iko kwenye usingizi ule wa taa ya rangi ya chungwa (Rest Mode). Huku kwetu usingizi huo uzime kabisa, zima mashine moja kwa moja. Ukiwasha baada ya kukatika itakagua diski, iache imalize. Ikileta habari za data mbovu, izime, shika kitufe cha kuwashia hadi mlio wa pili, kama sekunde 7, unganisha pedi kwa waya wa USB, na kwenye menyu ya Safe Mode itakayotokea chagua namba 5, Rebuild Database. Haifuti gemu wala kumbukumbu zako. Namba 6 na 7 zinafuta kila kitu, usiziguse kwa kubahatisha. Na mara mojamoja nakili kumbukumbu za gemu kwenye flashi.

TV guard na UPS (betri ya akiba) ni vitu viwili. TV guard inazuia umeme mdogo na ule mshtuko wa kurudi, haishiki mashine ikiwa hai. UPS ya VA 650 yenye betri nzima inaibeba PS4 Slim na TV ya inchi 32 kwa dakika kama 10, zinatosha kuhifadhi na kuzima.

Mvua za Novemba hadi Aprili zina radi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, chomoa plagi. Na chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi: radi inapita dishi, inaingia TV kwa HDMI, inamalizia kwenye mlango wa HDMI wa PS4.

Juni na Julai msiweke jiko la mkaa karibu na mashine. Majivu yanavutwa na feni yanaganda kwenye mapezi ya kupozea, halafu inaanza kunguruma.

BabaKihesa

Ndaga kwa wote, na dada wa Uyole hasa, hiyo ya mtumiaji mpya sikuijua. Je, PS5?

PediMbili

Kwa familia, bado. Astro Bot (2024) ni tamu na ni PEGI 7, lakini ya mtu mmoja, mtapokezana. Split Fiction (2025) ni ya wawili, ila PEGI 16. FC 26 bado imetoka kwa PS4. Tena pedi zako za PS4 hazichezi gemu za PS5, zinacheza za PS4 tu ndani yake, kwa hiyo hesabu bei ya pedi mpya pia.

LUKU nayo: PS4 Slim hula kama wati 90, PS5 kama 200. Pamoja na TV, saa mbili kila siku ni takriban uniti 8 au 9 kwa mwezi dhidi ya 15. Kama uko kwenye ile tarifu nafuu ya ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, utaihisi.

Siku ukinunua, chukua yenye mlango wa diski. Diski zako za PS4 zitaingia, na hutamaliza bando kupakua gemu ya makumi ya GB.